Nani Atambeba Mzee

Nilimwona Koko akisimama. Nimelikana jambo hili kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na nimelikana vizuri, kwa sauti ya mtu aliyesoma, hata kila aliyeniuliza aliridhika. Koko ndivyo tulivyomwita bibi yetu, mama wa mama yangu, na hadithi ya nyumbani kwetu ni kwamba siku tuliyokimbia Bunia yeye alikataa kwenda. Alibaki kwenye kigoda chake mlangoni pa jikoni, akasema amechoka kukimbia, akatuaga. Ni hadithi nzuri, inasimulika. Chuoni niliiandikia hata makala juu ya wazee wetu na mapenzi yao kwa ardhi, nikapachika ndani yake neno moja refu la Kifaransa nililokuwa nimejifunza wiki hiyohiyo, na profesa akaisoma mbele ya darasa. Wenzangu walipiga makofi. Wengi wao walikuwa na mzee wao aliyekataa.

Lakini mtu aliyekataa kwenda hafungi kikwembe chake upya kiunoni, wala hapapasi ukutani akitafuta fimbo. Na mimi nilimwona.

Kilichonirudisha huko ni harufu. Majuzi chama cha kina mama wa mtaa wetu kiliandaa mafunzo ya kujitayarisha nyumbani kwa siku ya kukimbia: vitu gani viwe tayari, mahali gani pa kukutana mkipotezana, namna ya kupika pasipo makaa. Waliniomba nihudhurie ili baadaye nisahihishe Kiswahili cha karatasi watakayogawa, maana mtaani kwetu mimi ndiye mtu wa karatasi. Kuku siwezi kumchinja, lakini ukiniletea sentensi iliyovunjika mguu nitakuungia.

Mwalimu alikuwa Madame Solange, mwanamke mchangamfu kutoka Kisangani. Aliweka mezani kopo kubwa la maziwa ya unga, chupa tupu ya bia na gunia dogo la unga wa mbao. Kina mama walimtazama kwa adabu, kama watu wanaofundishwa kutembea. Akauliza kama kuna aliyewahi kuona jiko linalotengenezwa kwa vitu hivyo. Benchi zote ziliinua mikono. "Ni vema," alisema, akavunjika moyo kidogo, lakini akaendelea, kwa kuwa alikuwa amelibeba gunia kutoka mbali. Akalishindilia jiko lake, akaliwasha.

Unga wa mbao ukiungua polepole haunuki kama kuni. Harufu yake ina utamu kidogo, kama mkate uliosahauliwa motoni, na ikifika kooni inakaa. Nilikuwa na kalamu mkononi. Sikuandika tena neno.

Nyumba yetu ya utotoni ilikuwa karibu na mahali walipopasulia mbao zilizoletwa kutoka Mambasa, na unga wake ulitupwa nyuma kama takataka. Koko ndiye aliyetutuma kuuchota. Baba alikuwa Ariwara kwa biashara, na barabara ilipofungwa akabaki hukohuko, akawa sauti tu ya watu waliopita na kusema wamemwona na anatusalimu. Nyumbani tulikuwa Mama, Koko, mimi, mdogo wangu Furaha aliyekuwa ameanza shule karibuni, na mtoto mchanga wa kiume ambaye bado alikuwa akinyonya. Mguu wa kushoto wa Koko ulikuwa umevimba tangu zamani, na ngozi yake iling'aa kama sufuria mpya. Hata hivyo alitembea. Jumapili alitoka nyumbani kabla ya kengele ya kwanza akafika kanisani wakati wa mahubiri, na alisema hiyo ndiyo saa nzuri kuliko zote, kwa kuwa wakati huo watu wameketi.

Jiko lake lilitengenezwa hivi. Alitoboa tundu chini ubavuni mwa kopo, akapitisha kijiti mpaka katikati. Juu ya ncha ya kijiti alisimamisha chupa. Kisha alimimina unga wa mbao kuizunguka chupa, kidogo kidogo, akiunyunyizia maji kama mtu anayebariki, na kuushindilia kwa mti wa kutwangia mpaka ukawa mgumu kama udongo wa ukuta. Kazi ilikuwa kuitoa chupa. Ukiitoa vizuri panabaki bomba katikati, unachomoa na kijiti, moto unakula kutoka ndani kwenda nje, na maharagi yanaiva bila kuongeza kitu. Ukiitoa vibaya umechezea takataka asubuhi nzima.

"Izungushe kwanza," aliniambia. "Pole pole. Usivute sawa mutu anangoa muhogo."

Nilivuta. Vyote viliporomoka.

"Njo vile," alisema Koko. "Leo tunakula bugali mubichi."

"Yaya anajua Kifaransa," Furaha alisema, maana mimi mkubwa wake aliniita Yaya, "lakini chupa hapana."

"Basi aseme na chupa kwa Kifaransa. Pengine itasikia."

Nilikasirika, kwa maana kweli nilikuwa wa kwanza katika Kifaransa darasani, na niliona kwamba hadhi yangu haikuheshimiwa jikoni. Hali hiyo haijabadilika.

Jambo alilolichunga kuliko yote ni moshi. Unga ukiwa na maji mengi jiko lilitoa moshi, na Koko alilimwaga lote tuanze upya. "Moshi inaita batu," alisema. Mimi nilielewa kwamba anaogopa majirani watajua tunapika wakaja kula. Niliona aibu kuwa na bibi mchoyo. Mchana mmoja nilimpelekea Mama Kasoki, jirani yetu wa upande wa barabara, sahani ya maharagi niliyoificha chini ya nguo, ili kusafisha jina la nyumba. Mama Kasoki alishangaa, akala, akarudisha sahani kwa Koko na shukrani. Koko alinitazama muda mrefu akacheka mpaka akafuta macho, na hakunieleza kitu.

Mama naye alikuwa na kazi yake. Alishona mifuko ya magunia, kila mtu wake. Ndani aliweka chumvi iliyofungwa vizuri, maharagi yaliyochemshwa mara moja na kukaushwa juani ili yaive upesi, unga wa mahindi ya kukaanga, kiberiti ndani ya chupa ya dawa iliyozibwa kwa nta ya mshumaa. Mimi, kama mkubwa, nilibeba pia jiko lililokwisha kushindiliwa, lenye mkono wa waya. Karatasi za shule na za ndoa zilishonwa ndani ya pindo la kikwembe cha Mama. Na mchana, wakati wowote, tukiwa tunacheza au tunakula, alisema neno moja bila kupaza sauti: "Tunaenda." Hapo kila mmoja alichukua mzigo wake, tukatoka kwa mlango wa jikoni, tukapita katikati ya miti yetu ya mikahawa mpaka pengo la uzio wa nyuma, tukasimama upande wa pili chini ya mparachichi. Kukimbia mbele ya mwenzako kulikatazwa. Kusema kulikatazwa. Kisha tulirudi, na Koko, kutoka kwenye kigoda chake, alitoa hukumu.

"Furaha, chumvi yako iko wapi?"

"Iko na Yaya."

"Na Yaya akianguka mu mutoni, utalamba jiwe? Kila mutu na chumvi yake. Masika, mutoto huyu unamunyonyesha mbele ya kutoka. Nilimusikia mupaka huku."

Masika ni mama yangu. Alikuwa mwanamke anayeogopwa sokoni, lakini mbele ya Koko alijibu, "Ndiyo, Mama," kama sisi.

Koko hakuwa na mfuko. Niliona hivyo tangu mwanzo na niliupata ufafanuzi wake haraka, kwani nilikuwa mtoto wa kupata ufafanuzi. Shuleni mwalimu wetu wa michezo alikuwa na tumbo na filimbi. Alipuliza, sisi tulikimbia, na yeye hakuwahi kukimbia hata hatua moja. Niliamua kwamba Koko ni mwalimu wa namna hiyo. Mfuko ni wa wanafunzi. Niliona hata fahari kidogo kwamba bibi yetu amepanda cheo.

Siku moja, tukishindilia jiko wawili, nilimwuliza alijifunza wapi mambo haya. Aliniambia ni wakati wa waasi, zamani, Mama akiwa bado wa kubebwa.

"Na mama yako weye?" nilimwuliza. "Alibebwa na nani?"

Alipiga mti wa kutwangia mara kadhaa kabla ya kujibu.

"Alikatala."

"Alikatala juu ya nini?"

"Bazee banakatalaka," alisema. "Ongeza maji. Kidogo, si vile."

Nilitosheka kabisa. Nilijua kuna watu ambao hawali nguruwe na wengine ambao hawafanyi kazi Jumamosi. Sasa nilijua pia kwamba kuna wazee, na desturi yao ni kukataa.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi yenye jua. Mama alikuwa anafua. Risasi tulikuwa tumezizoea kutoka mbali, kama mtu anayepigilia misumari mtaa mwingine, lakini hizi zilikuwa upande wa barabara yetu, na baada yake watu walianza kukimbia bila kupiga kelele. Mama aliifuta mikono. Alimnyonyesha mtoto haraka, akamfunga mgongoni hajashiba. Akasema, "Tunaenda," kwa sauti ileile ya siku zote.

Nilichukua jiko na mfuko. Furaha alichukua wake. Koko alikuwa kwenye kigoda akichambua maharagi juu ya ungo. Nilimtazama kama tulivyozoea kumtazama, lakini yeye alikuwa anamtazama Mama. Mama hakumtazama. Mama alikuwa anainua bidoni ya maji kichwani, na kuinua bidoni ni kazi inayotaka macho, nimejiambia hivyo mara nyingi.

Tulipita mikahawa, tukapita pengo la uzio, tukafika chini ya mparachichi. Nilisimama. Mama hakusimama.

"Mama, tumefika," nilisema.

Alinishika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu, akanivuta. Ndipo nikageuka. Katikati ya majani ya mikahawa niliuona mlango wa jikoni, na Koko amesimama. Ungo ulikuwa chini na maharagi yametawanyika. Alikuwa anafunga kikwembe, namna wanawake wa kwetu wanavyokifunga wanaposhika njia ndefu, unakivuta kwa nguvu pande zote mbili, unakisokomeza, unapiga na kofi moja juu yake. Kisha mkono wake ulipapasa ukutani, mahali fimbo iliposimamishwa. Mdomo wake ulikuwa unasema kitu. Sikusikia, kwa ajili ya makelele ya barabarani. Nilidhani anatoa hukumu. Nilidhani anasema nani amefanya vizuri, na nilijua ni mimi, kwa sababu siku hiyo sikuwa nimesahau kitu chochote.

Tuliingia njia ya Komanda pamoja na watu wengi. Jioni tulipika msituni, mbali kidogo na barabara. Familia moja karibu nasi iliwasha kuni mbichi, na wanaume walikimbia wakaizima kwa miguu, wakamtukana mama wa watu kwa sauti ya chini. Hapo nilielewa moshi unaita watu gani. Jiko langu liliungua bila kujionyesha, na wanawake walilisogelea wakauliza nani amelishindilia vizuri hivyo.

"Mama yangu," alisema Mama.

"Na yeye iko wapi?"

"Alikatala kuya."

Walitikisa vichwa. "Pole," mmoja alisema. "Bazee banakatalaka." Akatupatia kipande cha muhogo.

Basi ilianzia hapo, kabla maharagi hayajaiva. Nilikuwa nakoroga. Nilikuwa na umri wa kutosha kujua nilichokiona na mdogo wa kutosha kudhani kwamba Mama alisikia kitu ambacho mimi sikusikia. Pengine waliongea wenyewe asubuhi. Pengine usiku uliopita. Watu wazima huongea wakati watoto wamelala. Niliijaza nafasi hiyo kwa mazungumzo niliyoyatunga mwenyewe, Koko akikataa kwa maneno mazuri, Mama akimsihi, na nikayatunga vizuri sana. Nadhani ndiyo kazi yangu ya kwanza ya uandishi.

Tulikaa Butembo kwa mjomba mpaka Baba alipotupata. Tuliporudi Bunia mabati ya nyumba yalikuwa yameng'olewa na majani yameota sebuleni. Mama Kasoki alikuwa amerudi kabla yetu. Alitushika mikono, akatuongoza nyuma ya nyumba, akatuonyesha udongo uliotuna penye pengo la uzio.

"Nilimukuta hapa," alisema, "njo nikamuzika hapa. Sikukuwa na nguvu ya kumupeleka mbali."

Mama aliutazama udongo. "Alikuwa anaenda choo," alisema.

Choo chetu kilikuwa upande mwingine kabisa wa kiwanja, penye migomba. Mama Kasoki alijua. Furaha alijua, naye alikuwa mdogo. Sote tulisimama pale, na mimi nilisema, "Ndiyo, choo." Tangu siku hiyo sikuwa nimeona kitu. Mtu akiniuliza kama nilimwona Koko mara ya mwisho, nilisema hapana, nilikuwa mbele, nimebeba jiko.

Katika ukumbi wa mafunzo Madame Solange alizima jiko lake, akapangusa mikono, akauliza swali lingine kwa sauti ileile ya uchangamfu.

"Sasa. Mama iko na mutoto mugongoni, batoto bakubwa beko na mizigo. Na muzee? Nani atabeba muzee?"

Mtu alikohoa. Kisha mama aliyeketi karibu nami, muuza samaki ambaye kwa kawaida hamwogopi mtu, alisema akitazama mikono yake, "Bazee banakatalaka, Madame."

"Ya kwangu alikatalaka," alisema mwingine.

"Ya kwetu pia. Tulimulilia, akakatala."

Neno hilo lilipita kutoka benchi hadi benchi kama kikapu cha sadaka, kila mmoja akitia lake, na nilikiona kikija. Wanawake hawa walikuwa wa umri wangu, na wengine wakubwa kunizidi. Nilianza kuwahesabu wazee waliokataa katika chumba kimoja cha mji mmoja, nikaacha. Kizazi kizima cha watu wenye magoti mabaya, na wote waligundua siku moja kwamba wanaipenda ardhi kuliko uhai. Mimi niliyeandika makala. Zamu yangu ilipofika nilifungua mdomo.

"Ya kwangu," nilisema, na nikashindwa kumaliza.

Hakuna aliyenitazama. Nyuma mtu aliuliza haraka kama unga wa mbao uliolowa mvua unaweza kukaushwa ukatumika tena, na Madame Solange akamjibu kwa kirefu, na ukumbi mzima ukamsikiliza kwa shukrani kubwa.

Nilitoka nje. Mama anaishi Butembo kwa Furaha sasa. Miguu yake mwenyewe imeanza kumsumbua. Nilisimama kwenye ukuta wenye kivuli, nikapiga simu kabla sijajipa nafasi ya kutafuta neno zuri.

"Allô. Ni weye?" alisema. "Uko na sauti ya mafua."

"Hapana, Mama. Ni moshi."

"Umekula?"

"Mama, ile siku tulitoka. Koko alikatala?"

Nilisikia televisheni ya Furaha, na watoto wake wakigombana.

"Bazee bote balikatala," alisema.

"Niko nauliza Koko."

Alimwambia mtu kwa sauti ya mbali azime kitu hicho na afunge mlango. Televisheni ilinyamaza.

"Nilimuona akifunga kikwembe," nilisema.

"Najua uliona. Ulikuwa unageuza shingo njia yote. Nilikuwa nakuvuta, weye unageuka."

"Alikuwa anatembea, Mama. Alikuwa anaenda kanisani na miguu yake."

"Anatembea, ndiyo. Na siye tulikuwa tunakimbia." Alipumua. "Nilikuwa na mutoto mugongoni. Nilikuwa na weye, na Furaha. Nilifikiri ile mambo siku mingi mbele ya ile siku. Nilikuwa nashona ile mifuko, na nafikiri."

"Ulimwambia nini?"

"Sikumwambia kitu."

"Na yeye alikwambia hapana?"

Safari hii sikuijaza nafasi kwa chochote. Nilimngoja.

"Sikumuuliza," alisema Mama. "Nilijua ataitika kuya."